Espreso nyumbani kwa mashine ya bei nafuu: kuichagua, kuiendesha na kuitunza

Mashine ndogo ya espreso ikitoa kahawa mbaya, mara nyingi kosa si la mashine. Kahawa imekaa rafuni miezi sita, au imesagwa kwa ajili ya sufuria, au aliyeitengeneza hajapima hata gramu moja. Yaweke hayo matatu sawa, na mashine ya bei ya chini itakupa kikombe kizito, kitamu, ambacho hutakuwa na haja ya kukifuata mkahawani. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni wa fedha: usimalize bajeti yote kwenye mashine. Igawe, ili ibaki ya kununua kinu kizuri na mizani.

Mfano tutakaoutumia ni De'Longhi Dedica, modeli EC685, kwa sababu imeenea sana na inafanana na nyingi zilizo kwenye bei yake. Ina upana wa sentimita 15, tangi la maji la lita moja na kidogo, pampu ya mtetemo, na mpini wa milimita 51. Mpini ndio ule mshikio unaobeba kichujio cha kahawa. Haina boila, yaani tangi dogo la kuchemshia maji. Maji hupashwa moto yakipita kwenye themobloku, yaani bonge la chuma lenye njia nyembamba ndani yake, ndiyo maana taa huwaka "tayari" kabla dakika haijaisha. Ukipanda bei kidogo unakutana na Gaggia Classic, yenye boila ndogo na mpini wa milimita 58 kama wa mashine za mikahawa. Hiyo vipuri vyake ni rahisi kupata na hurekebishika kwa bisibisi, ila inataka dakika 15 hadi 20 kushika moto sawasawa.

Umeme kwanza

Ndugu akikuletea mashine kutoka Marekani, soma kibandiko cha chini kabla ya kuichomeka. Kule umeme ni volti 120, hezi 60. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda ni volti 230 hadi 240, hezi 50. Transfoma inashusha volti lakini haibadilishi hezi, na pampu ya mtetemo hupiga kwa kufuata hezi za umeme, kwa hiyo haitafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Tena transfoma ya kubeba wati 1,300 ni nzito na ghali. Mwambie abaki nayo. Iliyonunuliwa Uingereza, Dubai au Muscat inakuja na umeme wetu na plagi yetu ya miguu mitatu bapa. Ya Saudia iangalie vizuri, maana umeme wa kule ni wa hezi 60.

Wati 1,300 ni kama pasi ya nguo. Ichomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni nyembamba iliyobeba pia jagi la umeme. Umeme ukikatika katikati ya shoti, yaani mkamuo mmoja wa espreso, zima swichi ya mashine na usiguse mpini kwa dakika nzima, kwa sababu presha bado imo ndani. Mtaa wenu ukiwa na umeme unaopanda na kushuka, kile kifaa cha kulinda friji kinaweza kulinda na mashine hii, mradi kiwe cha uwezo wa kubeba wati zake. Gharama ya umeme isikutishe: shoti mbili za asubuhi pamoja na maziwa hazifiki sehemu moja ya kumi ya uniti.

Baa 15 za kwenye boksi na siri ya kichujio

Boksi limeandikwa "baa 15" kwa herufi kubwa. Baa ni kipimo cha presha. Hiyo ni presha ya juu kabisa ambayo pampu inaweza kufikia maji yakiwa yamezibwa. Espreso inataka karibu baa 9, na presha hiyo haitengenezwi na pampu peke yake. Inatokana na kahawa yenyewe kuyakatalia maji njia. Kahawa ikiwa ya chenga kubwa, maji hupita kama mvua kwenye mchanga na presha haipandi, hata pampu ingekuwa ya baa 50.

Watengenezaji wanajua kwamba wanunuzi wengi watatumia kahawa iliyosagwa tayari, kwa hiyo ndani ya boksi wanaweka kichujio cha kuta mbili. Kiinue kwenye mwanga ukitambue. Kwa ndani utaona matundu mengi madogo, lakini ukikigeuza, chini kuna tundu moja tu, dogo kama ncha ya pini. Presha inatengenezwa na tundu hilo badala ya kahawa, na povu unaloliona juu ya kikombe limetokana na kahawa kurushwa kwa nguvu kupitia hapo. Povu hilo huwa la mapovu makubwa, jepesi, na linatoweka mara. Krema ya kweli, yaani povu la asili la espreso, ni laini, ya rangi ya hudhurungi, na ukiimwagia sukari punje husimama juu kidogo kabla ya kuzama.

Kichujio cha kuta mbili si kibaya kwa mtu asiye na kinu. Kinasamehe mengi. Lakini kinakuficha ukweli: kahawa nzuri na mbaya zitatoka zikifanana kwa sura, na hutajifunza kitu. Siku utakayopata kinu, nunua kichujio cha ukuta mmoja cha milimita 51, chenye matundu wazi chini. Pamoja nacho ni vizuri upate mpini usio na midomo, ulio wazi kwa chini, ili uone kahawa inavyotoka. Hakikisha masikio ya mpini huo, yaani vile vipande vya pembeni vinavyoushika kwenye mashine, yametengenezwa kwa mashine yako. Milimita 51 peke yake haitoshi, kwa sababu kampuni hutofautiana kwa idadi na nafasi ya masikio.

Kahawa yenyewe

Tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaangwa, si tarehe ya kuisha muda tu. Kahawa iliyokaangwa jana imejaa gesi na itatoka ikiruka na kujaa mapovu. Ipe siku saba hivi. Kuanzia hapo hadi mwezi mmoja iko kwenye ubora wake, kisha krema inaanza kupungua na harufu kufifia. Iweke kwenye pakiti yake iliyofungwa vizuri, mbali na jua na jiko. Friji ina unyevu na harufu za vitunguu, kwa hiyo siyo mahali pake. Ukinunua kilo nzima, igawe kwenye mifuko midogo isiyopitisha hewa uigandishe, na utoe mfuko mmoja mmoja.

Herufi AA, AB na PB unazoziona kwenye kahawa ya Kenya na Tanzania hazisemi lolote kuhusu ukaangaji. AA na AB ni ukubwa wa punje, na PB ni punje ya duara iliyokua peke yake ndani ya tunda. Kinachokuhusu wewe ni kiwango cha kukaangwa. Kahawa ya Nyeri iliyokaangwa kidogo ina ukali wa tunda unaopendeza ikichujwa kwa karatasi, lakini kwenye themobloku ndogo inatoka chachu kama ukwaju. Omba iliyokaangwa wastani au zaidi kidogo ya wastani. Arabika ya Kilimanjaro, Mbozi, Mbinga au Bugisu ya Mlima Elgon inakwenda vizuri sana kwa ukaangaji huo. Ukipenda kikombe kizito chenye krema nene, changanya robusta ya Kagera: sehemu moja kwa nne za arabika inatosha kuanzia. Waitalia wengi huchanganya hivyo. Kumbuka robusta ina kafeini karibu maradufu, usije ukashangaa usingizi umekwenda wapi.

Kahawa ya unga inayouzwa sokoni kwa ajili ya kuchemsha inaweza kupita kwenye kichujio cha kuta mbili, si cha ukuta mmoja. Kahawa ya kopo inayoyeyuka usiiweke humo kamwe. Inageuka gundi na kuziba lile tundu. Na kwa waliozoea kahawa ya dele yenye tangawizi, au ya Kiomani yenye iliki: viungo visiingie kwenye kichujio. Tangawizi ya unga ina wanga unaovimba na nyuzi zinazoziba matundu. Chemsha viungo kwenye maziwa, chuja, yaache yapoe kabisa kwenye friji, kisha yapige mvuke kama kawaida. Ladha inafika vilevile.

Kinu ndicho mashine ya pili

Blenda na vinu vya visu vinakatakata. Vinatoa vumbi na chenga kwa wakati mmoja, na ukichanganya hivyo viwili maji hupita kwenye chenga na kukwama kwenye vumbi. Unapata uchachu na uchungu ndani ya kikombe kimoja. Espreso inataka kinu cha meno, na kwa bajeti ndogo cha mkono kinashinda cha umeme cha bei ileile, kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye meno na mhimili badala ya mota. Kabla ya kulipa, uliza jambo moja: hatua moja ya marekebisho inasogeza meno kiasi gani? Vinu vinavyofaa husogea maikroni 10 hadi 20 kwa mlio mmoja, yaani kwa hatua moja. Kikiruka zaidi ya hapo, utakuta mlio huu shoti inatoka kwa sekunde 15, na mlio unaofuata haitoki kabisa.

Gramu 15 kwa mkono ni kazi ya dakika moja hivi. Wakati wa kipupwe kikavu, au sehemu za bara, unga hunata na kurukaruka kwa umeme wa msuguano. Chovya mpini wa kijiko kwenye maji, korogea punje mara moja kabla ya kusaga, na tatizo linakwisha. Tone moja tu linatosha.

Mizani iwe ya dijitali inayosoma gramu 0.1, na iwe nyembamba ya kutosha kukaa chini ya mpini pamoja na kikombe. Kwenye mashine fupi kama hizi nafasi ni ndogo, kwa hiyo pima urefu kabla ya kununua.

Shoti moja, mwanzo hadi mwisho

Jaza tangi, washa, na funga mpini mtupu mahali pake. Taa ikisema tayari, usiiamini bado. Maji yana moto lakini chuma cha mpini ni baridi, na kitainyang'anya kahawa yako joto lote. Pitisha maji matupu kwenye mpini na vikombe mara mbili, kisha mwaga na ukaushe kichujio kwa kitambaa. Kichujio kilicholowa kinatengeneza tope ukutani, na maji yatakimbilia hapo. Anayeishi Nairobi ataona maji haya yakitoka na mvuke mwingi. Si hitilafu. Mwinuko wa huko unafanya maji yachemke kwenye nyuzi 94 hivi, na yakitoka kwenye presha yanachemka papo hapo.

Pima punje gramu 15, saga, mimina kwenye kichujio. Sasa vunja madonge. Chukua sindano nyembamba nne au tano, zichomeke kwenye kizibo cha chupa cha gome, kisha zungusha ncha zake ndani ya kahawa kutoka chini hadi juu mpaka unga ulingane kama mchanga uliopepetwa. Kifaa hiki kisicho na gharama kinasaidia kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa. Gongesha mpini mezani mara moja kwa upole ili unga utulie.

Kushindilia: kile cha plastiki kilichokuja na mashine ni chembamba kuliko kichujio na kinaacha unga mlegevu pembezoni. Nunua kishindilio cha chuma cha milimita 51. Weka mpini ukingoni mwa meza, kiwiko juu, na ubonyeze wima mpaka kahawa ikatae kushuka. Nguvu si jambo kubwa kama watu wanavyodhani. Kilo 10 au 20, tofauti ni ndogo. Kinachoharibu ni kushindilia mshazari, kwa sababu maji yatapita upande wenye kahawa nyembamba na kuuacha ule mwingine mkavu.

Ukitumia kichujio kipya kwa mara ya kwanza, hakikisha hujakijaza kupita kiasi. Weka sarafu nyembamba juu ya kahawa iliyoshindiliwa, funga mpini, ufungue. Sarafu ikiwa imezama na kuacha alama, punguza gramu moja. Kahawa inahitaji nafasi ya kuvimba kabla haijagusa bamba la matundu, lile la juu yake linalomwaga maji.

Funga mpini, weka kikombe juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, bonyeza kitufe na uanze kuhesabu hapo hapo. Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Sekunde tano za kwanza hakuna kitu, sauti ya pampu tu, ambayo inashuka na kuwa nzito presha inapopanda. Kati ya sekunde ya sita na ya kumi, chini ya mpini ulio wazi hutokeza vitone vyeusi, kwanza ukingoni, kisha katikati. Vinaungana na kuwa uzi mmoja mzito unaoteremka kama asali kutoka kwenye kijiko. Rangi yake ni ya mbao ya mninga, halafu inakuwa ya karanga za kukaanga, na mwisho inafifia kama chai ya maziwa. Mizani ikisoma gramu 27 au 28, zima. Matone yaliyobaki yatakufikisha 30. Saa ikisema kati ya sekunde 25 na 30, umefika.

Usitumie kiasi kilichopangwa na kiwanda kwenye kitufe. Kwa kawaida ni kingi mno. Kwenye mashine nyingi za aina hii unashikilia kitufe mpaka kiasi unachotaka kitoke, unaachia, nayo inakumbuka. Hata hivyo zima kwa kuangalia mizani mpaka mkono uzoee.

Subiri nusu dakika kabla ya kufungua mpini. Mashine zisizo na vali ya njia tatu, yaani ile inayoachia presha shoti ikiisha, hubaki na presha juu ya kahawa, na ukifungua haraka machicha ya moto yanaruka usoni. Kwa sababu hiyohiyo machicha yatakuwa na maji juu. Ni kawaida ya mashine yako, si dalili ya shoti mbaya.

Kusahihisha ladha

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kitu hicho kwa siku za mwanzo kiwe ni usagaji tu. Gramu 15 ndani, gramu 30 nje, hizo zikae palepale.

Tuseme shoti ya kwanza imefika gramu 30 kwa sekunde 12. Imetoka ya rangi hafifu, ladha yake chachu, na inaacha chumvichumvi pembeni mwa ulimi. Maji yamepita kabla ya kuchukua utamu. Kaza kinu milio mitatu ili kisage laini zaidi. Inayofuata inafika sekunde 19, uchachu umepungua lakini kikombe bado chepesi. Kaza milio miwili. Sekunde 27: uzito wa kinywaji umekuja, utamu unafanana na sukari guru. Acha hapo. Ukiendelea kukaza utafika sekunde 40, kahawa inadondoka tonetone, ladha ya majivu, na ulimi unakauka kama umelamba ganda la ndizi mbichi. Legeza.

Saa ikiwa sawa na ladha bado chachu, kuna njia mbili. Panda kiwango kimoja cha joto kama mashine ina menyu hiyo (Dedica ina viwango vitatu), au acha shoti iende mpaka gramu 36. Ikiwa chungu ingawa saa ni sawa, fanya kinyume, na uangalie kama kahawa haikukaangwa mpaka ikawa nyeusi inayong'aa mafuta. Hiyo haina tiba ya kwenye kinu.

Kuna tatizo lisiloonekana kwenye saa. Shoti inaweza kuchukua sekunde 28 na bado iwe na uchachu na uchungu kwa pamoja. Angalia chini ya mpini wazi: kuna mahali panaporusha vijinyunyizo kando, na sehemu nyingine ni kavu. Maji yametoboa mfereji. Tatizo halimo kwenye kinu hapo, limo mikononi: sindano hazikufika chini, au kishindilio kiliinama, au uligonga mpini baada ya kushindilia na ukapasua kahawa.

Kila pakiti mpya itakudai upange upya, na hata pakiti ileile hutaka kukazwa mlio mmoja kila baada ya siku kadhaa inavyozeeka. Weka daftari dogo jikoni: tarehe, milio ya kinu, sekunde, ladha kwa neno moja.

Maziwa

Kamua kahawa kwanza, maziwa baadaye. Themobloku ikishapanda hadi joto la mvuke, maji yake yataunguza kahawa ukirudi kukamua. Ukilazimika kurudi, pitisha maji matupu kwenye mpini mtupu mpaka yaache kufoka na kuzomea, kisha endelea.

Maziwa yawe baridi kutoka kwenye friji, mililita 130 hivi kwenye jagi la chuma la mililita 350. Yenye mafuta kamili ndiyo yanayotoa povu tamu na zito. Ya pakiti yanayokaa muda mrefu hutoa povu kwa urahisi pia, ladha yake tu ndiyo iliyopikwa kidogo. Fungua mvuke kwanza kwenye kitambaa mpaka maji yaliyolala ndani ya bomba yaishe. Funga, zamisha ncha chini kidogo ya uso wa maziwa, karibu na ukuta wa jagi, fungua tena kwa nguvu zote. Kwa sekunde tano hivi shusha jagi polepole ili usikie mchano wa karatasi. Hapo hewa inaingia. Baada ya hapo inua jagi kidogo, ncha izame, maziwa yazunguke kama maji yanayoteremka kwenye tundu la sinki mpaka mwisho.

Mabomba mengi ya mashine hizi yana gamba la nje lenye tundu dogo la hewa kwa juu. Tundu hilo likiwa nje ya maziwa linaingiza hewa muda wote, na povu linakuwa kama la sabuni ya kufulia. Zamisha tundu baada ya sekunde zile tano, na utapata povu la kumwagika.

Kiganja kikiwa ubavuni mwa jagi ndicho kipimajoto chako. Ukishindwa kuendelea kuligusa, hesabu mbili, funga. Hapo ni kama nyuzi 60. Zaidi ya 70 utamu unapotea na maziwa yananuka kama yamepikwa. Kabla hata hujamimina, pangusa bomba kwa kitambaa kibichi na ufungulie mvuke sekunde moja. Maziwa yakikauka ndani ya ncha yanaoza, na kuyatoa ni kazi ya pini na uvumilivu.

Maji na ukoko wa chokaa

Maji mabaya huua mashine hizi kabla ya kitu kingine. Njia za themobloku ni nyembamba, na maji ya kisima ya sehemu nyingi za pwani yana chumvi inayoonekana hata kwenye birika. Kuchemsha hakuondoi chumvi hiyo. Tumia maji ya kunywa ya chupa kubwa au yaliyopita kwenye chujio zuri la nyumbani. Maji yaliyosafishwa mpaka hayana madini yoyote nayo hayafai sana, kahawa inapooza. Usiache maji tangini wiki nzima.

Hata ukijali hivyo, ondoa chokaa kila miezi miwili au mitatu, au taa ya kukumbusha ikiwaka. Asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, inatosha: gramu 20 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, koroga mpaka iyeyuke kabisa. Toa mpini. Pitisha robo ya maji hayo kwenye kichwa cha mashine, pale mpini unapofungwa, na robo kwenye bomba la mvuke, zima mashine dakika kumi na tano, kisha malizia nusu iliyobaki kwa mtindo uleule. Suuza kwa matangi mawili kamili ya maji safi. Mashine yenye programu yake ya kuondoa chokaa, fuata programu hiyo. Usiiache asidi ilale humo usiku, inakula chuma. Siki usitumie: harufu yake inang'ang'ania kwenye mipira na utainywa wiki mbili.

Kila siku, baada ya shoti ya mwisho, pitisha maji matupu na ufute bamba la matundu kwa kitambaa. Kila wiki loweka vichujio vya chuma kwenye maji moto yenye kijiko cha sabuni ya unga ya kusafishia mashine za kahawa, nusu saa, uvisugue na kuvisuuza. Zile video za kuziba kichujio na kusukuma sabuni kinyumenyume ni za mashine zenye vali ya njia tatu, kama Gaggia Classic. Isiyo na vali hiyo usiifanyie.

Ikigoma

Pampu inanguruma kavu na maji hayaji: kuna hewa kwenye mrija. Toa tangi, lirudishe kwa kulibonyeza, fungua bomba la mvuke na uendeshe maji hapo mpaka yatoke bila kukatika. Mashine mpya na iliyokaa muda mrefu bila kazi hufanya hivi mara nyingi.

Pampu inafanya kazi, kahawa haitoki: zima kabla ya nusu dakika kuisha, usiiachie ijitese. Usagaji ni laini mno, au kile kitundu kimoja cha kichujio cha kuta mbili kimezibwa. Subiri presha ishuke, fungua, kijaribu kichujio kitupu. Maji yakigoma hata hapo, kiloweke na ukitoboe kwa pini kutoka nje.

Maji yanavuja pembeni ya mpini: futa unga uliobaki kwenye ukingo wa kichujio kwanza, hilo ndilo linalosababisha mara nyingi. Likiendelea, punguza kahawa au legeza usagaji. Likibaki, gasketi, yaani mpira unaozuia maji kuzunguka mpini, imekomaa. Ukiona mpini unazunguka kupita pale ulipokuwa ukikaza zamani, na mpira ukiubonyeza kwa kucha ni mgumu kama plastiki, muda wake umefika. Kwa matumizi ya kila siku huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Agiza kwa namba ya modeli iliyo chini ya mashine, siyo kwa kukisia kipenyo. Chomoa umeme, acha ipoe, fungua skrubu ya katikati ya bamba la matundu, ng'oa mpira wa zamani kwa bisibisi bapa bila kukwaruza chuma, safisha mfereji wake kwa mswaki, kisha sukuma mpya kwa vidole ukizunguka mpaka ukae sawa pande zote. Mara za kwanza mpini utakaza mapema kuliko ulivyozoea. Usiulazimishe, mpira utajilaza wenyewe baada ya siku chache.